Mgeni Ambaye Hakushuka Kwenye Feri

Itangazwe kwa mataifa yote, na hasa kwa majirani zetu wa kisiwa cha kusini wanaojiona, kwamba kisiwa cha Hallasay hakina mwizi, hakina mlevi, wala hakina kufuli. Sifa hii haijawahi kuingia doa tangu Nuhu aliposhuka safinani.

Kufuli lipo moja, la dukani, ila ufunguo wake ulipotea mwaka niliozaliwa. Mlevi naye yupo, lakini ni mjomba wangu, na Jumapili hanywi. Kuhusu mwizi nitanyamaza kwa sasa, kwa kuwa sura hii inahusu jambo zito zaidi: mgeni aliyepotea.

Mgeni mwenyewe ni Daktari Aubrey Finchcombe wa Edinburgh. Tangu Februari alikuwa akimwandikia bibi yangu, Peigi, akipanga likizo katika nyumba ndogo ambayo Bibi huwapangisha wageni nyuma ya kilima. Bibi alikwishapokea barua sita. Zilikuwa zimeandikwa vizuri mno, nasema hivi bila upendeleo wowote. Daktari alitaka kujua kama ndege wa miambani wenye midomo ya rangi huonekana asubuhi au jioni, kama ng'ombe wetu wenye nywele za kufunika macho hupenda kupigwa picha kutoka kushoto, na kama ni kweli kwamba mchanga wetu ni mweupe kuliko unga. Bibi alijibu zote, kurasa nne nne, akikisifia kisiwa mpaka wino ukamwishia mara mbili.

Daktari alipaswa kufika kwa feri ya Jumamosi. Jumapili kwetu hakuna anayemtembelea mtu. Watu huenda kanisani, hurudi, hukaa. Jumatatu Bibi alipokwenda kumjulia hali, alikuta nyumba tupu, lakini skonzi alizomwachia mezani zilikuwa zimeliwa na moto ulikuwa hai. "Katoka kutembea," akasema, akarudi na furaha yake. Jumanne hakuonekana. Jumatano asubuhi Bibi akakumbuka jambo lililomkalisha chini: kwa mpango wake, Jumanne Daktari alikuwa avuke kwenda kwenye kijisiwa cha kanisa la kale. Maji yakipwa, pale ni njia ya mchanga. Yakijaa, ni bahari. Na aliyemwandikia kwamba atavuka bila kulowesha soksi alikuwa Bibi.

Basi saa nane mchana wa Jumatano hiyo, watu kumi na tisa walikuwa mchangani wakitafuta maiti, mashua mbili zilikuwa zikizunguka karibu na miamba, upepo wa kusini-magharibi ulikuwa unapanda, na Sajini Una akabisha mlango wetu.

Kubisha kwenyewe kulikuwa kwa heshima tu. Sajini Una alizaliwa upande wa kaskazini wa kisiwa hikihiki, ingawa siku hizi kituo chake kiko mjini, ng'ambo, ambako pia ndiko iliko shule yetu na bweni letu; mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Ni mwanamke mrefu, asiye na haraka, mwenye tabia ya kumaliza chai yake kabla ya kuuliza swali la kwanza. Nilimmiminia mimi. Alikunywa yote. Kisha akaweka redio ya upepo juu ya meza, akafungua daftari.

"Bibi Peigi, maji yanaanza kujaa saa kumi. Ikifika saa hiyo hatujapata kitu, itabidi niite helikopta, na zile mashua zikae palepale penye miamba mpaka ifike. Sipendi kuziacha pale na upepo huu. Kwa hiyo nitauliza upesi, na wewe unijibu taratibu."

"Una, binti wa Murchadh," alisema Bibi, "andika tu kwamba nimeua mgeni."

"Sijaandika hivyo."

"Basi nipe kalamu niandike mwenyewe. Miaka ishirini na sita napokea wageni na sijapoteza hata mmoja. Kesho nang'oa kibao cha nyumba ile. Sitapangisha tena."

Hakulia. Watu wa ukoo wetu hawalii mbele ya polisi. Lakini alikuwa anakunja na kukunjua pindo la aproni yake, na mimi nilishughulika kwa bidii kubwa na birika ambalo lilikuwa tayari limejaa.

Shahidi wa kwanza alikuwa Lachlan wa gatini, ambaye hufunga kamba za feri na kujua habari zote za dunia isipokuwa zile anazoulizwa. Aliingia akichuruzika maji, koti jekundu mkononi.

"Tumelipata kwenye rasi!" alitangaza. "Koti lake! Maskini Daktari!"

Bibi akafunika mdomo. Sajini alilitandaza koti sakafuni, akapiga magoti, akaanza kulikagua mfuko kwa mfuko.

"Lachlan, mkono huu umejaa majani makavu."

"Bahari hujaza vitu."

"Na kiunoni pamefungwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi."

"Labda alikuwa anabana matumizi."

"Lachlan. Hili ni la ile sanamu ya kufukuza kunguru kwenye viazi vya kaka yako."

Lachlan alilitazama upya, akiinamisha kichwa. "Ndiyo maana nikajiuliza nimeliona wapi," alisema.

"Keti. Jumamosi walishuka wangapi?"

"Watano na kondoo dume."

"Wataje."

"Daktari wa mifugo na mkewe. Vijana wawili wa baiskeli, na kaptura zile za kubana, Mungu awasamehe. Na Mchungaji."

"Na Finchcombe?"

"Huenda alikuwa nyuma ya kondoo."

"Ulimwona au hukumwona?"

"Sajini, mimi nilikuwa nimeshika pembe. Mtu ukishika pembe za dume la kondoo huna nafasi ya kuhesabu madaktari."

"Lakini watano umewahesabu."

Lachlan alifikiri. "Ndiyo," alikubali kwa huzuni. "Watano nimewahesabu."

Sajini aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini. "Kwa hiyo tuna mtu ambaye hakushuka kwenye feri, na hakuna chombo kingine kilichokuja. Lakini akala skonzi. Nataka kuiona nyumba."

Bibi aliniamuru nimpeleke, kwa kuwa miguu yake mwenyewe ilikuwa imegoma. Njiani Sajini alitazama chini muda wote, na alipofika kwenye lango aliinama akalitazama tope, akatazama viatu vyangu, akaendelea.

Ndani alifanya kazi kwa utaratibu ambao, lazima nikiri, ulikuwa unapendeza kuutazama. Alianza kitandani: shuka zilikuwa zimekazwa kama ngoma, hazijalaliwa. Bafuni taulo zilikuwa kavu, na kwenye sabuni jina la kiwanda lilisomeka herufi zote. Kabatini hamkuwa na begi wala hanga iliyosogezwa. Jikoni palikuwa na sahani moja, imeoshwa na kuinamishwa, na makombo machache chini ya kiti.

"Mtu ameleta tumbo lake tu," alisema Sajini. "Mzigo hakuleta."

"Madaktari husafiri na vitu vichache," nilisema.

Alinitazama jinsi mtu anavyolitazama yai analotaka kujua kama ni bovu. Kisha akaenda kwenye meko.

Kwetu tunawasha mapande ya udongo mweusi wa majani yaliyooza, tunaouchimba kinamasini na kuukausha kiangazi kizima. Moto wake una adabu zake. Sajini alipiga magoti, akapeperusha majivu kwa ncha ya kalamu. Chini yake kulikuwa na mapande matatu yaliyopangwa vichwa vikikutana, yamefunikwa majivu mpaka shingoni. Katikati bado palikuwa na jicho jekundu, dogo, linapumua.

"Bibi Peigi aliugusa Jumatatu?"

"Hakuugusa. Alisema uko hai, akafurahi, akaondoka."

"Na tangu hapo hakuna aliyeingia?"

Nilisema kwamba kwa ninavyofahamu, hapana. Jibu hilo lilikuwa limepangwa kwa uangalifu mkubwa.

"Nimekaa mjini miaka kumi na moja," alisema Sajini, akiwa bado amepiga magoti. "Wageni wakiwasha udongo huu wanaurundika kama makaa, nusu saa umezimika, wanakwenda kununua hita. Huyu hakuuwasha tu. Ameulaza. Ameulaza kama bibi yangu alivyokuwa akiulaza, mapande matatu na dua."

"Labda alisoma kitabuni."

"Kitabu gani?"

Nilitangulia kwenda kufungua mlango. Tulirudi.

Jikoni kwetu Lachlan alikuwa amemaliza biskuti na kupata nadharia. "Nimeshaelewa," alisema. "Jina bandia! Mtu huyu amemkimbia mkewe."

"Kuhusu jina nakubaliana nawe," alisema Sajini. "Asubuhi nilipiga simu Edinburgh. Hakuna daktari Finchcombe, si wa watu, si wa meno. Lakini mwanamume anayemkimbia mkewe haulizi saa za ndege kutoka viotani. Bibi Peigi, majibu yako ulikuwa unayatuma wapi?"

"Yalikuwa yakae posta ya mjini, atayachukua mwenyewe. Alisema husafiri sana."

"Posta ya mjini kwetu?"

"Hiyohiyo."

Redio ikakoroma. Sauti ya mtu wa mashua ilisema kwamba mawimbi yanapanda na kwamba nanga imeteleza mara moja. Sajini alijibu wasogee nyuma kidogo, wangoje. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Mimi niliitazama pia, na kwa mara ya tatu siku hiyo nilifungua mdomo kusema jambo, na kwa mara ya tatu mtu akaniwahi.

"Mwenye akili kama yule," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Mwenye maneno kama yale. Na mimi nimemzamisha."

Mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Sajini alitandaza zile barua sita mezani, akavuta ile ya sita, yenye mpango wa likizo. Aliusoma akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Jumamosi: kuwasili, skonzi, kutazama machweo. Jumatatu: kupanda kilima upande wa mashariki. Jumanne: kijisiwa. Jumatano: kuchimba udongo pamoja na wenyeji, 'kama watanivumilia'. Alhamisi: ndege wa miambani. Ijumaa: feri ya kurudi." Kidole kikarudi juu. "Lachlan, wageni wanapopanga kuja huku, swali lao la kwanza kuhusu Jumapili huwa lipi?"

"Kama duka liko wazi."

"La pili?"

"Kama kuna feri. La tatu, kama kuna baa. Mwaka jana mmoja aliuliza kama anaweza kurusha tiara. Jumapili! Tiara!"

"Bibi Peigi, katika barua sita, Daktari aliwahi kukuuliza lolote kuhusu Jumapili?"

Bibi alifikiri. "Hata mara moja. Alikuwa mtu wa heshima."

"Mtu huyu ameuliza ng'ombe apigwe picha kutoka upande gani. Ameuliza kina cha kisima. Ana wiki nzima imepangwa saa kwa saa, na katikati ameacha siku moja tupu, wala hakuona kwamba ameiacha." Sajini aliiweka barua chini polepole. "Mtu wa Edinburgh haachi Jumapili tupu. Mtu wa Glasgow haachi. Anayeiacha ni yule ambaye tangu azaliwe Jumapili haijawahi kuwa siku ya kupangia kitu."

Lachlan alikodoa macho. "Unasema ni mtu wa kwetu?"

"Nasema nataka kusikia barua ya saba."

"Ziko sita," alisema Bibi.

"Ya saba imefika leo. Ilikwama posta kwa dhoruba ya wiki iliyopita. Nimeipokea gatini kwa sahihi, nikaifungua ndani ya boti kwa mamlaka niliyopewa na serikali ya Malkia." Alitoa bahasha mfukoni. "Lakini mwandiko wa daktari huyu ni kama kuku amepita kwenye wino. Marsaili, wewe uko shule. Tusomee."

Hapa naomba msomaji anihurumie. Mtu anaweza kuzuia njaa, anaweza kuzuia usingizi, lakini ile barua ya saba ilikuwa ndiyo bora kuliko zote.

Nilisimama katikati ya jikoni, nikakohoa kwa heshima, nikasoma.

"'Bibi mpendwa. Mizigo yangu imefungwa na moyo wangu umetangulia. Wenzangu hospitalini wanakwenda Uhispania kulala kwenye mchanga kama samaki wanaokaushwa. Nimewaambia nakwenda Hallasay. Wameuliza kama pana hoteli. Nimewajibu kwamba pana jambo lililo bora kuliko hoteli, pana watu wanaokujua kwa jina la babu yako...'"

"Soma vizuri, mwanangu, usikimbie," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua kidevu.

Sikukimbia. Nilipandisha sauti panapostahili, nikashusha panapostahili. Lachlan aliacha kutafuna. Nilifika mwisho wa ukurasa wa pili.

"'Watu huniuliza, Daktari, hasa huko kuna nini? Nami huwaambia kwamba huko, kabla gati halijaonekana, kabla hata kanisa halijaonekana, linaonekana kwanza dirisha moja la jikoni lenye pazia la buluu. Mtu aliyekaa mbali miezi mitatu akiliona hilo, huacha kuhesabu siku. Mpaka Jumamosi, nabaki wako mtiifu, A. Finchcombe.'"

Hakuna aliyepiga makofi. Nilishusha karatasi.

"Ukurasa wa tatu," alisema Sajini Una, "ninao mimi."

Aliutoa katikati ya daftari lake, akaukunjua, akauweka mezani. Nilitazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika karatasi mbili.

"Ameikariri tu," alisema Bibi upesi. "Huyu akirudi likizo hunisomea tena barua zote, Una. Ana kichwa chepesi."

"Hii hajawahi kukusomea, Bibi. Imefika leo. Mikono iliyoishika tangu itoke posta ni yangu peke yangu." Alivaa miwani, akausoma ukurasa wa tatu kwa sauti yake kavu ya kituoni: gati, kanisa, dirisha, pazia la buluu, miezi mitatu. Hapakuwa na tofauti hata ya neno moja. "Na Daktari Finchcombe, ambaye hajawahi kuja hapa, anajuaje kinachoonekana kwanza kutoka baharini?"

Lachlan aligeuka akalitazama dirisha letu. Bibi hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Muhula mmoja ni miezi mingapi, Marsaili?" aliuliza.

"Mitatu, Bibi."

"Wewe ndiye uliyekula skonzi?"

"Ndiyo, Bibi. Na moto. Jumatano, yaani leo, nilikuwa niache barua mezani ya kusema ameitwa kwa mgonjwa, ameondoka na shukrani. Ulikuwa uifurahie. Lakini asubuhi uliniwahi, ukasema habari ya kijisiwa, watu wakakimbia..."

"Na tangu asubuhi unanimiminia chai."

Bibi aliniangalia, mikono ikiwa imelala mapajani, pindo la aproni limeachiwa. Nilitegemea kofi. Badala yake alimwambia Sajini, "Saa inakwenda. Watu wako majini."

Sajini alichukua redio ya upepo, akabonyeza kitufe, akaniwekea mdomoni.

"Watu kumi na tisa na mashua mbili," alisema. "Waambie wewe."

Nimeshinda mashindano mawili ya kuzungumza mbele ya watu shuleni. Hayasaidii.

"Hapa ni nyumbani kwa Peigi," nilisema. "Rudini. Hakuna aliyezama. Hakuna Daktari. Daktari Finchcombe ni mimi, Marsaili. Nilimtunga bwenini mwezi wa pili, mwanzoni kwa kumtania Bibi kwa jinsi anavyojisifu, halafu... halafu nikaendelea. Barua zote ni zangu. Bibi hana kosa lolote. Njia ya mchanga aliyomwelekeza ilikuwa sahihi. Naomba msamaha. Rudini kabla maji hayajajaa."

Redio ilikoroma. Kupitia dirishani niliona, mbali chini, vichwa vidogo mchangani vikisimama kimoja kimoja. Halafu ikaja sauti ya kaka yake Lachlan, mwenye shamba la viazi, akihema kwa upepo.

"Marsaili?"

"Naam."

"Ile barua ya tatu, ambayo Bibi yako aliibandika dukani. Inayosema ameziona fukwe zote za Italia na hata moja haifiki kwetu. Nimeinakili nikampelekea binamu yangu Kanada."

"Nimesikia hivyo."

"Wewe Italia umekwenda lini?"

Bibi aliinuka kitini, akaja kusimama nyuma yangu, karibu kabisa, na nikasikia anangoja jibu kama wengine wote.

"Sijawahi," nilisema. "Sijawahi kwenda popote. Niliandika tu ninavyoamini." Na watu kumi na tisa na mashua mbili wakanisikia.